Boksi la Sabufa Katika Gari la Zamani: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Shikamoo, Fundi. Nina saluni ya milango minne ya mwaka 1984, niliyorithi kwa baba na ambayo sitaki kuiharibu. Nilinunua boksi lililokwisha kutengenezwa, lenye bomba la plastiki upande mmoja, nikafunga ndani yake sabufa ya inchi 10. Besi ipo, lakini ni ya sauti moja tu: kila wimbo unavuma vilevile, na ngoma haijulikani imeanza lini wala imekoma lini. Isitoshe, boksi limekula nusu ya buti. Ningependa kujitengenezea boksi dogo litakaloegemea mgongo wa kiti cha nyuma. Karatasi iliyokuja na sabufa inasema Fs ni Hz 30, Qts ni 0.5, Vas ni lita 30, nguvu ni wati 250, omu 4, na kina cha kufungia ni sentimita 14. Namba tatu za kwanza sizielewi hata moja. Nianzie wapi, na nitumie mbao gani?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Umeitunza karatasi ya sabufa, na kwa hilo umenipunguzia nusu ya kazi, maana wengi huitupa pamoja na katoni, kisha huniuliza boksi liwe na ukubwa gani, nami sina la kuwajibu ila kukisia.

Koni ya spika inapokwenda mbele husukuma hewa ya mbele na kuvuta ya nyuma kwa wakati mmoja. Hewa hizo mbili zikiachwa zikutane, hufutana, na besi hupotea. Kazi ya kwanza ya boksi ni kuzitenganisha. Kazi ya pili, ambayo husahaulika, ni kuwa springi: hewa iliyofungiwa ndani hubanwa koni inaporudi na kutanuka koni inapotoka, na ugumu wa springi hiyo hutegemea ujazo wa boksi. Sasa namba zako. Fs ni masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde inayopimwa kwa Hz, ambayo koni hupenda kutetema ikiwa haijafungwa kwenye boksi lolote. Qts inaeleza jinsi mtetemo huo unavyozuiwa: ikiwa ndogo, koni hutulia upesi; ikiwa kubwa, huendelea kuyumba hata baada ya ngoma kunyamaza. Vas ni ujazo wa hewa ambao ugumu wake ni sawa na ule wa ukingo laini wa koni pamoja na kitambaa kilichokunjwakunjwa kinachoshikilia koili, yaani waya uliozungushwa unaoisukuma koni. Vipimo hivi huitwa vya Thiele na Small, kwa majina ya Neville Thiele, mhandisi wa Australia aliyechapisha hesabu zake mwaka 1961, na Richard Small aliyeziendeleza katika miaka ya 1970. Kabla yao, kutengeneza boksi kulikuwa kukata, kusikiliza na kukata tena.

Hesabu ya boksi lililofungwa pande zote ni nyepesi. Gawanya Vas kwa ujazo wa boksi, ongeza 1, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Ukizidisha kipeuo hicho kwa Qts unapata tabia ya sabufa ikiwa ndani ya boksi. Ukikizidisha kwa Fs unapata masafa ambayo chini yake besi huanza kupungua. Kwa sabufa yako na boksi la lita 30: 30 kwa 30 ni 1, ongeza 1 ni 2, kipeuo chake ni 1.41. Kwa hiyo tabia inakuwa 0.71 na masafa Hz 42. Namba 0.71 ndiyo wahandisi wanayoilenga, kwa sababu besi hushuka taratibu bila kilima chochote kabla ya kushuka. Ukibana nafasi na kutumia lita 15, tabia inapanda hadi 0.87 na masafa hadi Hz 52: bado inasikilizika, lakini kuna uvimbe mdogo wa sauti, na besi ya chini kabisa inapungua.

Boksi ulilonalo lina bomba, na hapo ndipo penye kisa. Bomba na hewa ya ndani hufanya kazi kama chupa inayopulizwa mdomoni: kuna sauti moja ambayo chupa huipenda, na hiyo huitoa kwa nguvu. Bomba likikatwa kwa urefu unaoafikiana na sabufa fulani, sauti hiyo huongeza besi pale inapohitajika. Boksi lililotengenezwa ili lifae kila sabufa halikupimwa kwa sabufa yoyote, na likiimba kwenye Hz 55 au 60 utasikia hasa hicho unachokilalamikia. Sabufa haina kosa, usiiuze.

Wapo watakaokushauri ubaki na boksi lenye bomba ila lipimwe vizuri. Sipingi kwamba linatoa sauti kubwa zaidi kwa wati zilezile. Lakini linataka ujazo mkubwa zaidi, na chini ya masafa ya bomba sauti hushuka kwa desibeli 24 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila masafa yanapopungua kwa nusu, huku koni ikikosa springi ya kuizuia na kuanza kupiga hewa bure hadi koili igonge. Boksi lililofungwa hushuka kwa desibeli 12 tu, na gari lenyewe hulisaidia. Chumba cha abiria chenye urefu wa mita 2.8 ni nusu ya wimbi la sauti ya Hz 61. Chini ya hapo hewa yote ya chumba hubanwa na kulegezwa kwa pamoja, na sauti huinuka kadiri masafa yanavyoshuka. Katika chumba kisichovuja hata kidogo, mwinuko huo unakaribia desibeli 12 zilezile ambazo boksi linapoteza. Gari la 1984 lina mipira ya milango iliyochoka na matundu sakafuni, hivyo halitakupa zote, lakini litakupa za kutosha. Ndiyo maana kwa magari yenye buti dogo na umri mkubwa huwa napendekeza boksi lililofungwa.

Kabla ya kununua mbao, nenda kwenye gari na kipande cha katoni. Kisimamishe ndani ya buti kikiegemea kiti, uchore mshazari wa kiti, ukikate, ukirudishe na kukirekebisha hadi kikae bila mwanya. Kisha funga kifuniko cha buti polepole huku ukichungulia kutoka ndani ya gari, kiti kikiwa kimelazwa au kimetolewa. Magari ya zamani mengi yana mikono ya bawaba iliyopinda kama shingo ya bata, ambayo huzama ndani ya buti kila kifuniko kinapofungwa. Boksi lililokaa vizuri buti likiwa wazi hupondwa pembe mara ya kwanza unapolifunga. Pima pia mdomo wa buti. Boksi langu la kwanza nilipima nafasi ya ndani kwa uangalifu mwingi bila kupima mdomo, nikaishia kulipasua na kulijenga upya. Tena hakikisha utaweza kutoa tairi la akiba bila kufungua boksi.

Kwa kiti chenye mshazari wa kawaida, jaribu vipimo hivi vya nje: upana sentimita 60, kimo sentimita 35, kina cha chini sentimita 26 na kina cha juu sentimita 18. Mbao zikiwa na unene wa milimita 18, vipimo vya ndani vinapungua kwa sentimita 3.6 kila upande mmoja na mwenzake, hivyo upana wa ndani ni 56.4, kimo 31.4, na wastani wa kina 18.4. Vizidishe upate sentimita za ujazo 32,586, yaani lita 32.6. Toa lita 1.5 za mwili wa sabufa na lita 1 ya mhimili wa ndani, unabaki na lita 30. Sabufa iwe kwenye uso uliosimama wima, katikati ya kimo, ambapo nyuma ya sumaku kutabaki zaidi ya sentimita 4. Sumaku nyingi zina tundu la kupumulia katikati, nalo lisibanwe na ukuta. Mshazari wa gari lako ukiwa tofauti, badilisha kina cha chini na cha juu, lakini wastani wao ubaki uleule, ili ujazo usihame.

Kuhusu mbao, MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, hukatika vizuri, haina mafundo, nayo ni nzito kiasi cha kutotetemeka ovyo. Adui yake ni maji. Ikilowa huvimba pembeni kama mkate uliotumbukia kwenye chai, na haikauki ikarudi ilivyokuwa. Buti la gari la miaka 40 huvuja kupitia mpira wa kifuniko au taa za nyuma, mara nyingi bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo inua zulia la buti baada ya mvua, upapase. Likiwa na unyevu, rekebisha uvujaji kwanza, kisha tumia plaiwudi nzuri ya milimita 18 yenye tabaka nyingi, na uipake vanishi nje na ndani. Likiwa kavu kabisa, MDF inatosha. Usitumie mbao za vumbi zilizofunikwa karatasi kama za kabati za bei rahisi, kwa sababu skrubu hazishiki, na viungio vitafunguka.

Unapokata MDF, vaa barakoa ya vumbi na ufanye kazi penye hewa, maana vumbi lake ni laini mno na lina gundi ya viwandani. Mapafu hayana jinsi ya kulirudisha. Toboa tundu dogo kabla ya kila skrubu, la sivyo ukingo wa MDF utapasuka kwa tabaka. Paka gundi nyeupe ya mbao urefu wote wa kiungio, kiasi cha kutokeza kidogo pande zote unapokaza. Gundi ndiyo inayoshika; skrubu ni kibano tu cha kuisubiri ikauke. Baada ya siku moja ziba kona zote za ndani kwa silikoni isiyo na tindikali. Ile inayonuka kama siki hutoa mvuke unaoozesha shaba, nawe utakuwa unaufungia pamoja na koili. Hata iliyo salama, iache ikauke siku nzima kabla ya kufunga sabufa. Tundu la kupitishia waya nalo lizibwe, maana hapo ndipo maboksi mengi yanapovuja.

Likikamilika, cheza sauti ya Hz 30 kwa kiasi cha chini, lowesha mgongo wa mkono, uupitishe polepole kwenye kila kiungio na kuzunguka sabufa. Penye mvujo utahisi ubaridi unaokuja na kuondoka, na wakati mwingine utasikia mluzi mwembamba. Usiseme ni mdogo. Hewa inayopenya kwenye ufa wa nywele hulegeza springi uliyoipigia hesabu yote ile. Ndani unaweza kuweka pamba ya mito, isiyoshindiliwa. Hewa hujiona kama imepewa nafasi kubwa zaidi kwa asilimia 10 hadi 20, jambo linalosaidia boksi lililotoka dogo kuliko ulivyokusudia.

Sasa la mwisho kwako, nami naliandika kwa uzito. Boksi hilo pamoja na sabufa litafikia kilo 16 hivi. Katika mgongano mkali, mwili wa gari unaweza kusimamishwa kwa nguvu mara 20 ya uzito, na kitu cha kilo 16 kilicho huru hukigonga kiti cha nyuma kama mzigo wa kilo 320. Kwenye kiti hicho huketi watoto. Lifunge kwa vyuma vya pembe na bolti zinazopenya sakafu ya buti, zenye washa pana upande wa chini. Na kabla drili haijagusa bati, ingia chini ya gari uone tangi la mafuta liko wapi. Katika saluni nyingi liko chini ya buti hilohilo, na katika nyingine, kama Mercedes-Benz W123, limesimama nyuma ya kiti cha nyuma, ukuta mmoja tu kutoka pale unapotaka kutoboa. Usikisie. Tazama kwa macho, upime kwa rula kutoka chini, ndipo utoboe. Na matundu mapya yapakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo.

SWALI: Fundi, salaam. Gari langu ni la mwaka 1989. Tangu nifunge amplifaya ya wati 500, taa za mbele hufifia kila besi inapopiga. Nimeambiwa ninunue kapasita ya faradi 1. Je, itamaliza tatizo?

JIBU: Haitamaliza. Faradi 1 maana yake ni kwamba volti ikishuka kwa 1, kapasita hutoa ampea 1 kwa sekunde 1. Amplifaya ikitaka ampea 50, akiba hiyo inakwisha katika sehemu ya 50 ya sekunde, kisha kapasita yenyewe inataka kujazwa na alteneta ileile iliyokuwa imeelemewa.

Tazama mahitaji yako. Amplifaya ya mtindo wa zamani, ile inayochemka sana, hugeuza kuwa sauti karibu asilimia 55 tu ya umeme inaoula ikiwa kwenye nguvu zake zote. Wati 500 za sauti zinataka wati 909 za umeme, na kwa volti 13.8 hizo ni ampea 66. Alteneta za magari madogo ya wakati huo nyingi hutoa kati ya ampea 45 na 65, tena injini ikizunguka kwa kasi. Ikiwa inanguruma tu taratibu kwenye foleni, hutoa chini ya hapo. Taa mbili za wati 55 peke yake hula ampea 8. Ni kweli kwamba muziki si sauti moja inayoendelea, hivyo wastani wa matumizi ni mdogo kuliko ampea 66, lakini kila pigo la ngoma huzitaka zote kwa mara moja.

Kabla ya kubadilisha alteneta, kagua waya, kwani katika magari niliyofungua kosa limekuwa hapo mara nyingi zaidi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 6 wenye urefu wa mita 5 hupoteza karibu volti 0.9 ukipitisha ampea 60. Wa milimita za mraba 25 hupoteza 0.2 tu. Angalia pia waya wa ardhi. Amplifaya ikifungwa ardhi kwenye bati lenye rangi, au lenye kutu chini ya rangi, umeme hupita kwa shida na pale pa kufungia hupata moto. Kwangua hadi chuma king'ae, funga kwa bolti, kisha paka grisi juu ili kutu isirudi. Vilevile badilisha waya wa ardhi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye mwili wa gari na kwenye injini. Baada ya miaka 30 nyuzi zake huwa za kijani ndani ya ala, hata kama nje unaonekana mzima.

Fyuzi ya waya mkubwa iwe karibu na betri, isizidi sentimita 45. Fyuzi iliyo karibu na amplifaya huilinda amplifaya; waya unaopita chini ya zulia na kukwaruzana na bati hauna mlinzi, na ukigusa mwili wa gari betri yote itaumiminia moto.

Ukimaliza hayo na taa bado zinafifia, badilisha amplifaya uchukue ya daraja la D, ambayo hupoteza umeme kidogo sana. Wati 250 za sauti kwa ufanisi wa asilimia 80 zinataka ampea 23 tu, na ndani ya gari dogo wati 250 zilizo safi zinatosha.

SWALI: Gari langu ni la Uingereza la mwaka 1961, na ncha chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye mwili wa gari. Fundi mmoja ameniambia amplifaya itafanya kazi nikibadilishana tu nyaya mbili. Je, ni kweli, mzee wangu?

JIBU: Si kweli, mwanangu, na nakuomba usijaribu. Magari mengi ya Uingereza hadi miaka ya 1960 yalifungwa ardhi kwa ncha chanya. Amplifaya za leo zinatarajia kinyume chake, na si kwenye nyaya mbili za umeme tu: ganda lake la chuma, nyaya za sauti na redio yenyewe zote zimeunganishwa na ncha hasi. Hata ukibadilishana nyaya, ganda likigusa bati la gari, au waya wa antena ukigusa mwili, utakuwa umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja.

Njia iliyo sahihi ni kugeuza gari zima liwe na ardhi ya ncha hasi. Dinamo hupewa mguso mfupi wa umeme ili isumakike upya, nyaya za koili ya kuwashia hubadilishwa, na saa au geji za umeme zikaguliwe moja moja. Ni kazi ya nusu siku kwa fundi umeme anayeyajua magari hayo. Pima pia volti kabla ya yote, kwani baadhi ya magari ya umri huo ni ya volti 6, na hapo hakuna amplifaya ya kawaida itakayowaka. Na dinamo, hata ikiwa nzima, hutoa umeme kidogo kuliko alteneta; baki na amplifaya ndogo ya daraja la D.

SWALI: Nina gari la mlango wa nyuma, nami nataka boksi likae kwenye pango la pembeni, juu ya tairi, ili sakafu ibaki huru. Je, faibaglasi inaweza kujengwa na mtu asiyewahi kuigusa?

JIBU: Inaweza, ila usianze na boksi. Anza na kipande cha ukubwa wa sahani, ujue resini inavyogeuka mikononi mwako.

Pango lenyewe lifunikwe kwa gundi-karatasi, tabaka tatu zinazopishana, kisha karatasi ya alumini, kisha nta ya kuachishia. Zulia na viti vifunikwe vyote, maana tone moja la resini kwenye kitambaa cha kiti cha zamani halitoki milele. Kata mkeka wa faibaglasi wa gramu 450 kwa mita ya mraba katika vipande vya ukubwa wa kiganja. Vikubwa havikubali kuingia kwenye kona. Resini ya poliesta huchanganywa na kigumishi kwa asilimia 1 hadi 2 tu. Ukizidisha kwa kutaka haraka, kopo litachemka mkononi, litoe moshi, na linaweza kushika moto. Kwa hiyo changanya kidogo kidogo, kiasi cha kutumika kwa dakika 10. Mvuke wake ni hatari. Milango yote ya gari iwe wazi, nawe uvae barakoa yenye vichujio vya mvuke, si ile ya vumbi. Kigumishi kikikurukia jichoni kinaweza kukupofusha, hivyo miwani ya kazi si hiari.

Tabaka mbili za kwanza hujengwa ndani ya gari ili kupata umbo. Kisha unalitoa gamba hilo na kuongeza tabaka nyingine nje, hadi ugonge kwa kifundo cha kidole usikie mlio mfupi na mzito. Gamba likilia kama debe, bado. Katika maboksi ninayoyajua lilihitaji jumla ya tabaka 6 hadi 8, na mbavu za mbao ndani pale penye uwanda mpana. Uso wa mbele uwe wa MDF, umefunikwa ukingoni kwa mkeka na resini ili usitengane na gamba.

Ujazo wa umbo kama hilo haupimiki kwa rula. Lijaze punje kavu au mipira midogo ya plastiki, kisha uimimine kwenye ndoo yenye alama za lita. Fanya hivyo kabla ya kufunga uso wa mbele kabisa, ili ikiwa lita zimepungua uweze kuusogeza nje. Kila sentimita 1 unayousogeza uso wenye eneo la sentimita za mraba 1,500 inakupa lita 1.5.

SWALI: Boksi nimelijenga kwa kipimo, halivuji, na nje ya gari linapiga vizuri. Ndani ya buti, sauti inabaki huko nyuma: anayepita barabarani anaisikia kuliko mimi niliyeketi mbele, na kifuniko cha buti kinatetemeka kama bati la paa. Nifanye nini?

JIBU: Gari lako lina ukuta wa bati kati ya buti na kiti, kama zilivyo saluni nyingi za zamani. Ondoa mgongo wa kiti cha nyuma uutazame. Ukiwa na matundu, au ukiwa kadibodi tu, usogeze uso wa sabufa uelekee tundu kubwa kuliko yote na uzibe mianya iliyobaki kati ya boksi na ukuta kwa sponji nzito, ili sauti isirudi butini. Ukuta ukiwa mzima, pitia kwenye rafu iliyo chini ya kioo cha nyuma: matundu ya spika za zamani yaliyoko pale, yakiachwa wazi chini ya kitambaa chembamba, hupitisha besi nyingi kuliko watu wanavyotarajia. Ukuta wa bati usiukate. Ni sehemu ya uimara wa gari, na mara nyingine ni ngao kati ya abiria na tangi.

Kuhusu kifuniko, usikimbilie kukibandika. Mtu mmoja akae butini akibonyeza sehemu mbalimbali kwa kiganja, mwingine apandishe masafa polepole kutoka Hz 25 hadi 80. Utakuta mara nyingi kinachopiga kelele ni bamba la namba, fimbo ya kufuli au waya wa taa unaogonga bati, na kipande cha sponji kinamaliza. Palipobaki bati tupu linalotetemeka, bandika shuka za mpira wa biutili katikati ya uwanda wake. Robo ya eneo hutosha. Safisha kwa spiriti kwanza, na penye kutu kwangua na kupaka rangi, kwa sababu kutu iliyofunikwa huendelea kula bati gizani.

Halafu badilisha mwelekeo wa nyaya za sabufa, chanya iwe hasi, ukae kiti cha dereva na kusikiliza wimbo uleule. Acha ule mwelekeo ambao besi inajaa zaidi karibu na Hz 80, pale sabufa inapokabidhiana na spika za milangoni. Wengi hukarabati gari zima kabla ya kujaribu hilo, nalo ni kazi ya dakika 2.